Zambarau Bado

4 Agosti

Kwa Baba yangu,

Shikamoo, Baba. Natumaini mgongo umepunguza malalamiko na macho bado yanaona tundu la sindano bila kumwita jirani. Mimi mzima, ila sauti imekauka, kwa sababu nashinda na watoto ishirini na kitu wanaoimba wimbo mmoja tangu asubuhi. Mwanangu Kidoti hajambo? Meno ya mbele yameota, au bado anapitisha ulimi?

Nakuandikia kwa sababu simu yako imezimwa tena. Najua umeizima ili wateja wasikupate. Sasa wateja hawakupati na mimi sikupati, tumekuwa kundi moja.

Kifurushi alichokuletea kondakta ni kazi za likizo za Kidoti. Ni zile zile ninazowapa watoto wa chekechea hapa kazini, kwenye kambi yetu ya likizo. Mada ni upinde wa mvua. Kila rangi ina bahasha yake, na ndani kuna kazi moja na utepe wa karatasi wa rangi hiyo. Akimaliza kazi, anabandika utepe kwenye ile karatasi kubwa nyeupe ya manila, chini ya utepe uliotangulia. Nyekundu, atafute vitu vyekundu nyumbani avipange kutoka kidogo hadi kikubwa. Chungwa, amenye chungwa ahesabu vipande vyake. Njano, achore jua kwenye sahani ya karatasi. Kijani, apande maharage kwenye pamba yenye maji. Bluu, ajaze maji kwenye chupa azigonge, asikilize sauti. Nili, atofautishe nili na bluu kwenye mwanga. Zambarau ni kubandika tu utepe wa mwisho, na mawingu ya pamba ncha zote mbili. Basi. Ni kazi ya wiki mbili, na hapo nimeshaweka siku za uvivu.

Maelekezo nimeyaandika juu ya kila bahasha kwa herufi kubwa. Naomba yafuatwe. Usimpe mkasi wa kazini.

Jambo la mwisho. Nimemwahidi Kidoti kwamba siku atakayobandika zambarau ndiyo siku nitakayoingia mlangoni kumchukua. Chumba nimeshapata, kina nafasi ya kitanda cha pili, na darasa la kwanza ataanzia huku mwezi wa tisa, ndipo shule ya huku inapofungua mwaka. Mtoto akiwa na kitu cha kumaliza, hasumbui kuuliza lini. Ndivyo tunavyofundishwa.

Ni mimi,
Binti yako


11 Agosti

Kwa Binti yangu,

Marahaba. Mgongo upo, macho yapo, tundu la sindano ndilo linalozidi kuwa dogo. Kidoti hajambo. Meno mawili yameota na la tatu linachungulia. Anakula, analala, anauliza. Zaidi anauliza.

Nyekundu tumeianza. Bahasha inasema atafute vitu vyekundu nyumbani, lakini hukusema nyumbani kunaishia wapi na duka langu linaanzia wapi, ilhali ni chumba kimoja chenye pazia. Akaleta kifuniko cha chupa ya chai, rili ya uzi, kimto changu cha pini, na kipande cha kitambaa chekundu alichokikata mwenyewe kwenye gauni la Nesi wa zahanati, lile ambalo lilikuwa limebakiza pindo tu. Mkasi sikumpa. Mkasi aliuchukua. Hayo ni mambo mawili, na wewe mwalimu unajua kuyatofautisha.

Nesi mwenyewe akatokea siku hiyo hiyo. Nikamwambia aje Ijumaa. Akasema, "Fundi, gauni hili nililileta nikiwa mwembamba." Nikamwambia tutaachia kidogo mshononi. Akaniuliza Ijumaa ipi, nikajifanya nasikiliza cherehani.

Kwa hiyo nyekundu imebidi irudiwe, safari hii bila vitu vya wateja, na ukitoa vitu vya wateja humu ndani hakibaki chekundu ila kifuniko. Huwezi kupanga kitu kimoja kutoka kidogo hadi kikubwa. Tunatafuta.

Nina swali moja. Likizo yako umeshapewa?

Wako,
Baba yako


16 Agosti

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Nashukuru kwamba ninyi wazima. Mimi pia mzima, au nilikuwa mzima mpaka nilipofungua barua yako.

Baba, wiki nzima, rangi moja, na yenyewe bado. Watoto wangu hapa nyekundu waliimaliza kabla ya chai ya asubuhi, na kuna mmoja ambaye muda wote alikuwa chini ya meza akijifanya paka. Kidoti ana miaka sita na akili inayomzidi. Chukua kifuniko, chukua nyanya, chukua kitufe kimoja kwenye kopo lako la vitufe, hapo una vitatu. Nilidhani jambo hili halihitaji bahasha ya pili.

Gauni la Nesi naomba ulimalize, maana yule mama ndiye pekee mtaani mwenye simu inayopokelewa.

Suala la likizo lisikusumbue. Liko njiani.

Ni mimi,
Binti yako


21 Agosti

Kwa Binti yangu,

Marahaba. Sote wazima. La tatu limeota limepinda kidogo, kama la marehemu mama yako. Nimefurahi kuliona.

Nyekundu imebandikwa. Ulisema chini ya utepe uliotangulia, na hii haikutanguliwa na kitu, kwa hiyo tulijadiliana siku moja.

Chungwa imetupa taabu. Chungwa la kwanza lilikuwa na vipande kumi. Kidoti akataka hakika, tukamenya la pili, likawa na kumi na moja. Akaniuliza lipi linasema kweli. Nikasema tununue la tatu liamue. La tatu lilipotea kabla ya kuhesabiwa, na sitaki kumtaja mtu. Soko lilikuwa limefungwa, tukangoja. Mwisho tumeandika kumi, na kumi na moja, na alama ya kuuliza. Imebandikwa.

Njano alichora jua zuri sana kwa krayoni. Halafu akaona rangi inang'aa akadhani mbichi, akaliweka kwenye meza ya kupigia pasi likauke, na mimi nikapitisha pasi juu ya shuka bila kuangalia chini yake. Krayoni iliyeyuka. Tangu siku hiyo kila nguo ninayopiga pasi inatoka na jua dogo mgongoni. Kuna bwana mmoja ameenda nalo kwenye mkutano wa bodi. Jua lingine linachorwa.

Kijani, maharage tumeyapanda. Bahasha inasema, SUBIRI HADI KIJANI KIONEKANE. Tunasubiri.

Umeandika likizo iko njiani. Mimi pia, nguo ikiwa bado haijakatwa, mwenyewe akiuliza huwa namwambia iko njiani.

Wako,
Baba yako


26 Agosti

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Afya yako najua ni nzuri, nimeambiwa na Kidoti mwenyewe. Jana Nesi alikuja kwako kufuata gauni, hakulipata, akamhurumia mtoto akampa simu aongee na mimi. Kwa hiyo leo tuzungumze vizuri.

Maharage yameota tangu siku ya tatu. Yana majani manne. Kidoti ameniambia, "Mama, mimi nakiona kijani, lakini Babu anasema hicho bado si kijani, ni kijani kinachojaribu." Kwamba mnangoja mpaka yatoe maharage mengine. Baba, kopo la pamba halitoi maharage mengine. Unalijua hilo. Kopo lenyewe linalijua.

Na chupa za bluu nasikia zimejazwa, zimegongwa, zimepigiwa nyimbo, lakini utepe hauruhusiwi kubandikwa kwa sababu kijani hakijaisha na bahasha inataka zifuatane. Maelekezo yangu hujawahi kuyafuata tangu nijue kuandika, leo ndiyo umekuwa mtu wa maelekezo.

Umemfanya mwanangu mteja. Mtaa mzima unazijua Ijumaa zako. Mimi mwenyewe, mtoto wa fundi, sare yangu ya darasa la saba niliivaa siku ya mtihani wa mwisho. Sikusema neno. Lakini hili nitalisema.

Nadhani najua unachofanya. Hutaki aondoke. Umezoea kumsikia nyuma ya pazia akiongea na vitufe. Rangi zikiisha anaondoka, basi rangi haziishi. Nakuelewa, Baba, na bado si haki. Mimi ndiye mama yake, na kile kitanda cha pili nakitazama kila siku hakina mtu.

Kuhusu likizo, Mkuu wa chekechea yetu ni mtu wa kuangaliwa hali yake ya hewa. Kuna siku za kumwendea na kuna siku za kumpisha kwenye korido. Mkataba wangu unaangaliwa upya mwisho wa mwaka. Naomba usiniulize tena.

Malizeni.

Ni mimi,
Binti yako


30 Agosti

Kwa Binti yangu,

Marahaba. Ya afya siulizi, kwa hasira ile naona ni nzima kabisa.

Unasema sitaki aondoke. Ni kweli sitaki, na hilo halikuhitaji uchunguzi. Lakini mtu wa kwenda kwa mama yake simzuii, nimekushonea hata mfuko wa nguo zake, umekwisha, una zipu. Mtaani wamekuja kuutazama kwa sababu haijawahi kutokea.

Sasa nikwambie nilichonyamazia. Likizo ya mwezi wa nne ulimtumia mnyororo wa karatasi. Ulimwambia siku atakayounga pete ya mwisho, utakuja kumwona. Safari ile sikugusa kitu. Pete zote aliziunga kabla sijamaliza kola moja. Akavaa viatu, akafunga kamba mwenyewe, akaja kukaa kwenye benchi la wateja na begi mapajani. Nesi alikuwepo, akamtania, "Na wewe umeambiwa leo?" Akasema, "Ndiyo." Alikaa mpaka nilipofunga duka. Kesho yake akakaa tena. Siku iliyofuata akaukata ule mnyororo katikati akaanza kuuunga upya, kwa sababu alidhani kuna mahali amekosea.

Halafu barua yako ikaja, kazi zimebana. Nikamsomea kwa namna yangu.

Mimi hayo ya kufundisha watoto siyajui, lakini watu wanaosubiri nawajua, ndio wanaonilisha. Ukimwambia mtu njoo Ijumaa, atakutukana, ataondoka akisonya, lakini atarudi. Asiyerudi ni yule uliyemwambia tayari, akavaa akaja, akakuta nguo haijaguswa. Huyo hata salamu anaacha.

Kwa hiyo nilipofungua kifurushi chako nikaona zambarau inangoja pale mwisho, niliamua kufanya kazi ninayoiweza kuliko zote. Chungwa la tatu nililila mimi. Kijani nimekibishia mimi. Nguo za watu nachelewesha kwa uvivu, hili nimelichelewesha kwa bidii, na nimechoka nalo kuliko nguo zote nilizowahi kumaliza.

Sasa ulivyoniambia nisiulize, nauliza. Umeomba likizo, au hujaomba?

Wako,
Baba yako


7 Septemba

Kwa Binti yangu,

Hujambo? Sisi wazima, kama ulitaka kujua.

Kondakta anapita mikono mitupu. Siku hizi akiniona nimesimama kituoni anageukia upande wa mizigo, kama mimi ninavyofanya nikimwona Nesi. Sikujua kwamba inaonekana wazi hivyo.

Huenda nilikuandikia kwa ukali. Sifuti, lakini nimesema huenda.

Kijani kimebandikwa, maharage yalifika dirishani nikaishiwa maneno. Bluu imebandikwa. Nili nilijaribu kubisha kwamba ni bluu iliyowekwa mara mbili kwa kukosa cha kuweka. Kidoti akazichukua tepe mbili akazibana dirishani kwa pini, akanivuta mkono nisimame pale, akasema, "Tazama tu, Babu, usiongee." Nikatazama. Imebandikwa.

Ilibaki zambarau. Niliificha kwenye boksi la zipu. Halafu darasa la kwanza linaanza wiki ijayo, barua hakuna, na mimi si mtu wa kuishi na boksi la zipu linalonitazama. Leo nikaitoa. Nikaweka utepe mezani, nikaweka na pamba ya mawingu, nikamwambia, "Haya, Kidoti, tumalize."

Akautazama utepe. Akaukunja vizuri kama ninavyokunja mimi kitambaa cha mtu ambacho sina nia ya kukigusa. Akasema, "Babu, njoo Ijumaa."

Nikamwambia, "Leo Jumamosi."

Akasema, "Ndiyo maana."

Gundi ameichukua kaenda nayo. Nimetafuta kila mahali, sijui kaiweka wapi. Na nikikumbuka vizuri, ile siku ya jua alijua liko chini ya shuka, akaiona pasi ikija, na hakulitoa. Huenda muda wote huu nilikuwa nachelewesha na fundi mwenzangu bila kujua.

Nimeshona umri wangu wote, na leo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa maneno hayo nikiwa upande ule wa meza. Yanauma mahali ambapo huwezi kupashika. Ukiongea na Nesi, mpe pole zangu.

Wako,
Baba yako


9 Septemba

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Barua zako zote mbili ninazo. Ya kwanza niliisoma kwenye chumba cha kubadilishia viatu vya watoto, nikaikunja, nikashindwa kuijibu kwa sababu jibu lake lilikuwa fupi. Nilikuwa sijaomba.

Nilikuwa najiambia nitaomba Jumatatu. Jumatatu ikifika Mkuu anakuwa na wageni, au amevaa ile miwani yake ya kukagua. Najua utasema nini. Mtoto wa fundi.

Leo kambi tumeifunga. Wazazi walikuja kuangalia pinde za mvua za watoto wao zilizotundikwa kwenye kamba, na kuna mtoto mmoja, yule wa chini ya meza, ambaye hakutokea mtu wake. Akaanza kubandua zambarau yake kwa kucha, taratibu, bila kulia. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Bado sijamaliza, Mwalimu."

Nikatoka hapo mpaka ofisini. Sikuangalia hali ya hewa. Nikasema naomba wiki moja nikamchukue mwanangu. Mkuu akavua miwani. Akasema, "Kwani una mtoto?"

Baba, miaka miwili nipo pale. Nimewafuta pua watoto wa watu, najua nani anaogopa ngazi na nani hali maganda ya mkate. Na sijawahi kumwambia mtu kwamba ninaye wangu, kwa sababu siku ya usaili waliniuliza kama nina majukumu, nikasema hapana. Na pale nikaulizwa swali ambalo Kidoti angelijibu amelala.

Nikasema ndiyo, ninaye, ana miaka sita, na jino lake la tatu limepinda.

Mkuu amenipa siku nne na uso ambao sitausahau. Mkataba tutauona mwisho wa mwaka, ukiwepo.

Nilikuwa nimeandika hapa siku ya kufika, nimeifuta. Safari hii sitoi siku. Usimwambie kitu. Hakikisha tu kifuniko cha gundi kimekazwa, popote alipoificha, isikauke.

Ni mimi,
Binti yako


29 Septemba

Kwa Binti yangu na Kidoti,

Hamjambo nyote? Nasikia kitanda cha pili kinalaliwa na cha kwanza pia kinavamiwa. Mimi mzima. Mgongo umenyamaza, nadhani unasikiliza kama mimi.

Binti yangu, mliondoka kwa haraka sikukwambia jambo. Nilikuona ulivyoumia ulipoingia na Kidoti hakukukimbilia. Ulisimama pale mlangoni na mikono imefunguka, yeye akakutazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akageuka akaingia nyuma ya pazia. Ulidhani amekukasirikia. Alikwenda kuchukua gundi. Alikuwa ameiweka ndani ya kiatu chake kimoja, vile viatu vya mwezi wa nne ambavyo siku hizi havimtoshi. Kifuniko kilikuwa kimekazwa mpaka ikabidi nikifungue kwa koleo.

Zambarau yenu hapa ukutani imekaa kombo na wingu moja limeanguka. Wateja wananishauri niinyooshe. Mimi siigusi. Wakiniuliza lini nitairekebisha nawaambia Ijumaa.

Gauni la Nesi nilimwahidi Ijumaa nyingine, na safari hii nililimaliza siku ile ile, nikalitundika mlangoni. Hakuja. Alikuja baada ya siku tatu, akasema hakuona sababu ya kuwahi. Kwa hiyo sasa nafanya kazi zangu kwa wakati na hakuna anayeamini, hasara tupu.

Simu nimeiwasha. Jioni tu, na usiwape watu namba.

Kifurushi hiki ni sare ya Kidoti ya darasa la kwanza. Sketi tayari, ina pindo la kuachia akirefuka. Blauzi nimeikata, nimeishona, nimeipiga pasi, haina jua. Imebaki mkono mmoja wa kushoto, ninao hapa.

Kidoti, usije ukaenda shuleni na mkono mmoja, mwambie mama yako akuazimie blauzi nyingine kwa sasa. Hii yako ni ya likizo ijayo. Mkija, nitaumalizia mkiwa mmekaa kwenye benchi.

Likizo hiyo sijui ni tarehe gani. Njoo Ijumaa.

Wako,
Babu